Acha kuuliza "Uko wapi?": namna ya kuongoza timu iliyotawanyika Uganda

Simu ya bosi wa Kampala kwa mtu aliye nje ya ofisi huanza na swali moja: "Uko wapi?" Na jibu lake tunalijua sote: "Niko karibu." Aliye bado Ntinda anasema yuko Wandegeya, na aliye kitandani anasema ameshapanda boda. Swali hilo limetuzoesha uongo mdogo mdogo ambao hata hatuuoni tena kuwa uongo. Tatizo ni kwamba mtu akianza kuongoza wenzake walio Arua, Gulu au Mbarara, hulibeba swali lile lile na kulitandika juu ya kazi nzima, kisha akashangaa mbona timu haiendi.

Ninaongoza watu tisa. Tunatafsiri na kurekodi matangazo ya afya na ya kilimo kwa ajili ya redio na simu: Kiganda, Kiacholi, Kilugbara, Kinyankole na Kiswahili. Mlugbara na Mnyankole hawasikilizani kwa lugha za mama zao, kwa hiyo lugha yetu ya kazini ni Kiswahili, hata kama wazee wengi wa Kampala wakikisikia wanakumbuka askari na vizuizi vya barabarani. Haya ninayoyaandika yametokana na kazi hiyo, lakini mtu mwenye wahasibu wanne au wapiga simu kumi atayakuta yanamfaa. Kuna hatua nitakazokaa nazo sana na nyingine nitazipita upesi, kwa sababu hazina uzito sawa.

Hatua ya 1: Jua kila mtu anafanyia kazi wapi hasa

Kabla ya kufikiria programu ya mikutano, chukua daftari. Kwa kila mtu andika mambo manne. Umeme wake unatoka wapi, na kwa wiki unakatika mara ngapi? Ana laini zipi, na ipi inashika vizuri pale anapokaa? Simaanishi mjini kwao, namaanisha chumba kile kile anachofanyia kazi. Umeme ukikatika, ana mahali gani pa pili pa kwenda? Na mchana nyumbani yuko na nani?

Swali la nne watu hulikwepa kwa adabu, na ndilo linaloeleza mambo mengi. Mwenye mtoto wa miaka miwili na hana msaidizi atafanya kazi nzuri alfajiri na usiku. Ukimlazimisha mkutano wa saa nane mchana unapata mwili wake tu. Uliza, kisha nyamaza usikilize.

Kuhusu umeme, usidhani unajua. Tangu Aprili 2025 usambazaji uko chini ya UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme kumalizika, lakini Yaka, mita yetu ya kulipia kabla, ni ile ile: tokeni ikiisha saa nne usiku na salio la simu halipo, kazi imelala. Mimi nilidhani mwenzetu wa Arua ndiye atakayepotea hewani kila mara, maana mji ule ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Kumbe ni kinyume. Kwa sababu hiyo hiyo, nyumbani kwao kuna sola, betri na mazoea ya kuchaji kila kitu mapema. Anayepotea mara nyingi ni mimi wa Kampala, niliyezoea kuwa umeme upo.

Ukishajua, lipia. Laini ya pili, bando la mwezi, betri ya kuchajia na vipokea sauti vyenye maikrofoni ni vifaa vya ofisi sawasawa na meza na kiti. Tangu Julai 2021 kuna ushuru wa 12% juu ya bando za intaneti, uliokuja baada ya ile shilingi 200 kwa siku iliyotozwa kwa mitandao ya kijamii tangu 2018. Mtu anayekufanyia kazi kwa bando lake anakulipia bando na ushuru juu yake. Wengi hawatakwambia. Watakachofanya ni kupakua faili kesho, wakipita mahali penye mtandao wa bure, na wewe utaita huo uvivu.

Hatua ya 2: Andika kazi mpaka ijieleze

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu, kwa sababu makosa yangu mengi yalitokea hapa.

Ofisini mtu akikosa kuelewa anageuza shingo akauliza. Akiwa Mbale, hana pa kugeuzia shingo. Atakisia, au atasubiri. Vyote viwili vinakula siku nzima. Dawa yake ni karatasi ya kazi, ukurasa mmoja usiozidi, unaomfikia mtu pamoja na kazi yenyewe. Yetu ina mistari hii:

- Kazi ni ipi, kwa sentensi moja.
- Anaifanya nani, na nani anashika akikwama (majina mawili, sikuzote mawili).
- Ikiisha itaonekanaje.
- Inakwenda folda gani, kwa jina gani la faili.
- Inatakiwa lini.
- Nani mwenye neno la mwisho tukibishana.

Mstari wa tatu ndio mgumu. "Rekodi tangazo la malaria kwa Kiacholi" haitoshi. Andika: sauti moja ya kike, dakika mbili, faili ya WAV, bila muziki, bila kelele ya nyuma, imesikilizwa na mtu mwingine wa Gulu aliyesema ameielewa. Ukikosa kuandika "bila kelele ya nyuma", utaletewa tangazo zuri ajabu lenye mvua juu ya mabati kuanzia sekunde ya arobaini. Tulipata matatu ya namna hiyo kabla sijajifunza. Sasa katika miezi ya mvua kurekodi ni asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, na ninakumbuka kwamba mvua ya Gulu haifuati kalenda ya Kampala: huku kusini tuna misimu miwili, kule kaskazini mvua inaanza Aprili na kwenda mfululizo hadi Oktoba hivi, na Agosti ndiyo inamwagika. Anayepanga ratiba ya watu walio mbali apange kwa mbingu ya kwao.

Jambo jingine la faili. Dakika moja ya sauti ya WAV ya kawaida ya mono ni karibu megabaiti tano. MP3 ya wastani ni kama megabaiti moja. Kwa hiyo tunakubaliana: rasimu inatumwa kwa MP3, na WAV inakuja mara moja tu, ikishapitishwa. Na ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama dokumenti, isitumwe kama sauti, ili isibanwe ikapoteza ubora. Haya ni mambo madogo, lakini yasipoandikwa kila mtu anajitungia yake.

Sasa saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo. Waganda nao wanahesabu hivyo hivyo, ssaawa ssatu yao ni saa tatu yetu. Raha tupu, mpaka mteja wa ng'ambo aingie katikati. Mteja aliye London aliwahi kuandika kwamba anataka faili saa 9:00 asubuhi ya kwao. Kichwani nikaibeba ile tisa kama ilivyo, nikamwandikia mwenzetu wa Mbale: "Ifike kabla ya saa tisa." Akaileta saa nane na nusu mchana, nusu saa kabla, amefurahi. Mteja alikuwa ameihitaji saa tano asubuhi yetu. Tulichelewa saa tatu na nusu, na mtu aliyefanya kazi yake vizuri ndiye aliyepata aibu kwa kosa langu.

Tangu siku ile hatuandiki saa tupu. Tunaandika "saa tano asubuhi, 11:00, saa za Kampala", maneno na tarakimu pamoja, na siku ya wiki juu yake. Kama una wateja Uingereza, weka alama kwenye kalenda: wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatusogezi. Tofauti yetu nao ni saa mbili kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, na saa tatu miezi iliyobaki. Wenzetu wa Nairobi na Mwanza wanatumia saa zile zile kama sisi, hao hawana shida.

Hatua ya 3: Kila ujumbe uwe na njia yake

Timu nyingi zina kikundi kimoja cha WhatsApp ambamo kazi, pongezi za harusi, mahubiri ya asubuhi na picha za Arsenal vinaogelea pamoja. Uamuzi uliotolewa humo Jumanne, Ijumaa hauonekani tena. Kikundi hicho usikifute, kina kazi yake, watu wanahitaji pa kucheka. Ila kazi iwe na makazi mengine.

Kwetu ni hivi. Uamuzi wowote unaandikwa kwenye hati moja ya pamoja, wa karibuni juu, una tarehe na jina la aliyeamua. Maswali ya kazi yako kwenye kikundi cha kazi, ambacho hakina salamu za asubuhi wala video. Jambo la dharura ni simu ya kawaida, isiyo ya intaneti. Ugomvi au lawama ni simu pia, kati ya watu wawili, kamwe haviandikwi kikundini.

Na kuhusu ujumbe wa sauti: unaruhusiwa kueleza, hauruhusiwi kuamua. Ukirekodi dakika nne ukitembea barabarani, mwenzako hawezi kutafuta ndani yake neno moja alilolisahau. Ukishaongea, andika mistari miwili ya ulichosema. Mimi mwenyewe ndiye mvunjaji mkubwa wa kanuni hii, wananikumbusha kwa emoji ya sikio.

Andaa pia njia ya siku ambayo intaneti haipo kabisa. Siyo hofu ya bure. Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku tano hivi. Kabla ya hapo, siku ya uchaguzi wa Februari 2016, mitandao ya kijamii ilifungwa. Timu iliyokuwa na kila kitu hewani ilikaa ikitazamana. Kwa hiyo: kila mtu awe na namba za simu za wenzake zilizoandikwa kwenye karatasi; kazi ya wiki mbili zijazo iwe imeshapakuliwa kwenye kompyuta yake; na mjue nani anampigia nani, ili kiongozi asipige simu tisa peke yake. Faili kubwa zikikwama, basi la usiku lina ofisi ya vifurushi. Flashi ndani ya bahasha, jina na namba ya simu ya mpokeaji, asubuhi iko Gulu. Wazazi wetu walisafirisha matooke kwa njia hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Usikubali "sawa"

Ukimwambia mtu kazi naye akajibu "sawa", umejua nini? Inaweza kuwa nimeelewa. Inaweza kuwa nimesikia, nitafikiria. Inaweza kuwa wewe ni mkubwa, siwezi kukubishia. Inaweza kuwa niache nimalizie chakula. Mganda atasema "kale", na hiyo nayo ina vyumba vingi vivyo hivyo. Ana kwa ana tunaisoma sura ya mtu, macho yanaposhuka unajua hajakubali. Kwenye simu sura hakuna.

Adabu yetu inafanya jambo hili liwe gumu zaidi. Kijana wa Mbarara hatamwambia aliyemzidi umri, "Huu mpango wako hautawezekana." Atasema sawa, atajaribu, utashindikana, na utajua siku ya mwisho. Sijui namna ya kuifuta heshima hiyo na sitaki ifutike. Nilichofanya ni kubadilisha swali. Siulizi tena "Umeelewa?" Nasema: "Niandikie kwa maneno yako utaanza na nini, na kitu gani kinaweza kukukwamisha." Nusu ya pili ndiyo inayofungua mlango, kwa sababu kueleza kikwazo ulichoulizwa si kubisha, ni kujibu. Mara ya kwanza mwenzetu wa Arua aliniandikia: "Nitaanza na kutafuta msomaji. Kinachoweza kukwamisha ni kwamba maneno uliyotafsiri ya chanjo hapa yanamaanisha sindano ya ng'ombe." Angesema "sawa" tu, tungetangaza redioni.

Kwa wakubwa wenyewe wa umri, walio chini yako kikazi, piga simu kwanza. Salimu kikamilifu, habari za nyumbani, za watoto, za shamba, halafu ndipo kazi. Nimeona vijana waliosoma mbinu za kizungu wakikata salamu ili kuokoa muda. Wanaokoa dakika mbili, wanapoteza mwezi. Mzee aliyeandikiwa "Leta ripoti leo" bila hata shikamoo wala "mzee wangu" ataileta, lakini siku utakapomhitaji kwa jambo lisilo kwenye mkataba, simu yake itakuwa haina chaji.

Hatua ya 5: Mikutano michache, ujumbe mfupi kila siku

Mkutano mmoja kwa wiki, Jumatatu saa nne asubuhi, nusu saa, kamera zimezimwa ila kwa mgeni. Ajenda inatumwa Ijumaa. Asiyeweza kuingia anaandika yake kabla, na anasoma maamuzi baadaye bila kuulizwa sababu.

Siku nyingine kila mtu anaandika mistari mitatu kabla ya saa tatu na nusu asubuhi: jana nilimaliza nini, leo ninafanya nini, nimekwama wapi. Ndiyo yote. Mwanzoni niliomba taarifa mara nne kwa siku, asubuhi, saa sita, saa tisa na jioni. Wiki ya tatu nilikuwa na taarifa nzuri kuliko zote nchini, na kazi imesimama. Mtu mmoja alikuwa akiziandika zote nne asubuhi na kuzituma kwa zamu. Sikumlaumu, nilikuwa nimemuuliza "uko wapi?" mara nne, naye akanijibu "niko karibu" mara nne.

Hatua ya 6: Malipo yasiwe na maswali

Mtu wa ofisini mshahara ukichelewa anamwona mhasibu akipita, anapata hata tumaini. Wa mbali anaona simu iliyonyamaza. Weka tarehe moja, na ikiwa utachelewa, sema siku tatu kabla, na utaje siku mpya.

Ukilipa kwa simu, tuma na ya kutolea. Kila anayetoa pesa taslimu anakatwa ada ya kampuni ya simu na ushuru wa serikali wa 0.5% juu ya kiasi anachotoa. Mliyekubaliana naye laki sita apate laki sita mkononi, asipate laki sita kasoro. Kwa mshahara mkubwa, benki ni nafuu zaidi, lakini muulize kwanza: tawi lililo karibu naye linaweza kuwa umbali wa boda ya elfu kumi kwenda na kurudi.

Kisha sheria. Kuwa mbali hakumfanyi mtu kuwa kibarua. Kama ni mwajiriwa wako, mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 15% ya mshahara: wewe unachangia 10%, yeye 5%, na inatakiwa iwe imefika kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2022 jambo hili linamhusu kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Ile kanuni ya zamani ya kuanzia watu watano haipo tena. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mwajiriwa likizo yenye malipo ya siku saba kwa kila miezi minne, siku 21 kwa mwaka. Watu wa mbali hawaombi likizo, ninawajua, wanadhani kukaa nyumbani ni nusu ya likizo. Wapangie wewe, na siku hizo waondoe kwenye kikundi cha kazi kabisa.

Kama kazi yenu inagusa taarifa za watu, na yetu inagusa sauti na majina ya wakulima, kumbuka ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Kwa lugha ya kazini maana yake ni hii: rekodi ya mtu haikai kwenye simu binafsi ya mfanyakazi baada ya kazi kuisha, na kompyuta ina nenosiri hata kama iko nyumbani ambako "wote ni ndugu". Hasa huko. Mpwa wa mtu aliwahi kufuta mahojiano kumi na mawili ili apate nafasi ya mchezo wa mpira.

Hatua ya 7: Mtu akilegea

Zipo programu za kupiga picha skrini ya mfanyakazi kila dakika chache. Nimeshaulizwa mara mbili kwa nini sizitumii. Kwanza zinakula bando. Pili, zinapima mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, na mimi sinunui makalio, ninanunua tafsiri. Angalia kilichofika kwenye folda, kwa ubora uliokubaliwa, kwa siku iliyokubaliwa. Basi.

Kilichokubaliwa kisipofika mara moja, usifanye lolote zaidi ya kuuliza. Kisipofika mara ya pili, piga simu, faraghani, na uulize habari kabla ya kuuliza kazi. Mara nyingi utakuta moja ya mambo matatu: umeme, mgonjwa au mazishi. Mazishi Uganda si nusu siku. Mtu anakwenda kijijini kwao, analala matanga, anakaa kwenye mikutano ya ukoo, na simu yake iko kwenye mfuko wa koti lililotundikwa. Hapo ndipo yale majina mawili ya kwenye karatasi ya kazi yanapolipa. Wa pili anaichukua bila mtu kumtafuta aliyefiwa. Na timu ichange rambirambi siku hiyo hiyo, hata kidogo kidogo. Ukikosa, watakumbuka kuliko mshahara uliochelewa.

Ikiwa si umeme, mgonjwa wala mazishi, basi ni kazi isiyomfaa au mtu asiyetaka. Andikeni pamoja atakachotimiza ndani ya wiki nne, kwa tarehe. Akishindwa, mwachane kwa kufuata notisi ya sheria na kumlipa kila senti yake. Usimfukuze kwa kumtoa kikundini usiku. Nimeona hilo likifanyika, na waliobaki wote walianza kutafuta kazi kesho yake.

Hatua ya 8: Kutaneni, mle pamoja

Mara mbili kwa mwaka inatosha. Tusiwaite watu Kampala kila mara. Safari ya Arua ni kama kilomita 500, na mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo wenzetu wa kaskazini walizungushwa kupitia mbali hadi wakafika siku ya pili. Safari hii mkutane Gulu, safari ijayo Jinja, na aliyezoea kuwa mwenyeji naye ajue mgongo wa mtu unavyouma ndani ya basi. Epukeni wiki ya tarehe 3 Juni, mahujaji wa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo wamejaza barabara na vyumba, na epukeni Desemba kabisa.

Siku ya kwanza msiweke kazi. Tembeeni, kuleni rolex ya barabarani, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, acha watu waonane urefu wao. Mwenzetu wa Mbarara ambaye kwa miaka miwili tulimdhani mkali kumbe huandika kwa kifupi kwa sababu kioo cha simu yake kimepasuka upande wa herufi. Siku ya pili, asubuhi, leteni yale mambo mawili au matatu ambayo simu imeshindwa kuyamaliza.

Hatua ya 9: Zima simu yako

Baada ya miezi sita, chagua siku tatu za kawaida, waambie wiki moja kabla, kisha uzime simu. Usisafiri na kompyuta. Ukirudi, usianze kwa kusoma ujumbe. Waulize kitu gani kilisimama kwa sababu hukuwepo, na uandike kila kimoja.

Mara yangu ya kwanza orodha ilikuwa na mambo kumi na moja. Mengi yalikuwa ruhusa ambazo hakukuwa na sababu ya mimi kuzitoa: kununua tokeni ya Yaka ya chumba cha kurekodia, kumjibu mteja kuwa faili imepokelewa, kuamua kati ya maneno mawili ya Kilugbara ambayo hata siyajui. Niliyagawa, kila moja na jina la mtu. Mara ya pili yalikuwa manne. Mwezi uliopita lilikuwa moja: nenosiri la akaunti ya benki, ambalo bado liko kichwani mwangu peke yangu, na wiki hii naenda benki na mwenzangu wa Gulu ili awe mtia sahihi wa pili.